Grisi nyeupe: jinsi pesti ya prosesa ilivyofika Bungoma na Kitale

Leo sitaandika kuhusu programu. Nataka kuandika historia, na historia yenyewe ni ya kitu ambacho ukikigusa kinakuchafua vidole siku nzima: ile grisi inayopakwa kati ya prosesa na bamba la chuma linaloipoza. Mafundi wa kompyuta huku kwetu huiita pesti tu. Mafundi wa redio, ambao kama mtakavyoona waliijua mapema zaidi, waliiita grisi nyeupe. Lile bamba lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa nitaliita hitisinki, maana ndivyo linavyoitwa madukani. (Walimu wetu wa Kiswahili walitufundisha tuseme tarakilishi badala ya kompyuta. Nawaheshimu sana, lakini sijawahi kumsikia fundi hata mmoja akisema tarakilishi, kwa hiyo nitasema kompyuta.)

Kwa nini pesti? Kwa sababu ukisoma historia ya kompyuta Kenya, utakuta inaanza na M-PESA mwaka 2007, inapita kwenye nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009, halafu inaishia Nairobi. Bungoma na Kitale hazionekani, au zinaonekana kama mahali ambapo vitu hufika vikiwa vimechelewa. Ni kweli vilichelewa. Lakini huko kuchelewa kuna hesabu yake, na hesabu hiyo imeandikwa kwenye pesti. Kompyuta nyingi zilizowafundisha watu wa miji hii miwili hazikuja mpya. Zilikuja baada ya kutumika miaka mitatu, minne au mitano katika ofisi za Ulaya, na pesti ya kawaida ya kiwandani hudumu karibu muda huo huo. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa ikitufikia pale pale pesti yake ilipokuwa inakufa. Sisi tuliipokea ikiwa inapata moto, inakwama, inajizima, tukasema ni kuukuu, au ni mitumba, au ina virusi. Mara nyingi haikuwa hivyo.

Kwanza tuelewane pesti inafanya nini, kwa sababu wengi hudhani ni gundi au ni dawa ya kupoza. Haipozi chochote. Chukua sufuria ambayo chini yake pamebonyea kwa miaka mingi ya kusonga ugali. Juu ya jiko la makaa haina shida, moto unaizunguka kila upande. Iweke juu ya jiko la umeme la sahani uone: inagusa sehemu tatu nne tu, kwingine kote kuna hewa, na maji yanachelewa kuchemka. Prosesa na hitisinki ni hivyo hivyo, japo kwa macho zote mbili zinaonekana laini kama kioo. Shaba hupitisha joto kwa kiwango cha karibu wati 400 kwa mita kwa digrii. Hewa iliyotulia ni 0.026. Pesti nyeupe ya bei ya chini ni kati ya 0.6 na 1. Yaani ukiilinganisha na shaba, pesti ni takataka. Ukiilinganisha na hewa, ni mara ishirini au arobaini bora. Kazi yake ni kuifukuza hewa kwenye vishimo, basi.

Tufanye hesabu kidogo (siwezi kujizuia). Eneo la sentimita moja ya mraba, wati 50 zinapita, na nafasi kati ya vyuma viwili ni sehemu ya ishirini ya milimita. Ukijaza nafasi hiyo kwa pesti yenye kiwango cha 1, tofauti ya joto kati ya upande wa chini na wa juu ni digrii 25. Ukitumia pesti nzuri yenye kiwango cha 5, ni digrii 5. Ukiacha hewa tupu, hesabu inakupa zaidi ya digrii 900, ambazo bila shaka hazifiki kwa sababu chipu itakuwa imekwisha kuzima au kufa zamani. Lakini angalia na hili: ukiipaka ile ya kiwango cha 1 nene kama siagi kwenye mkate, nusu milimita, unapata digrii 250. Ndiyo maana sina muda na ubishi wa vijana kuhusu pesti ya kampuni gani ni bora. Wembamba unashinda jina la kampuni.

Sasa, historia.

Pesti ilifika Bungoma kabla ya kompyuta, na ilikuja kwa njia ya muziki. Redio ndogo ya betri haihitaji, transista zake hazipati moto wa kutisha. Amplifaya ndiyo inayohitaji. Kampuni ya Marekani ya RCA ilileta transista ya nguvu ya 2N3055 mwanzoni mwa miaka ya 1960, ile ya chuma yenye umbo la kofia ya ukingo mpana na matundu mawili ya skrubu, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa moyo wa amplifaya za kanisani, za mikutano ya kisiasa na za disko. Ganda lake la chuma ndilo njia ya umeme, kwa hiyo huwezi kuifunga moja kwa moja juu ya bamba la alumini. Unaweka kikaratasi cha ulanga, ambao mafundi huuita maika, ili umeme usipite, halafu unapaka grisi nyeupe pande zote mbili za ulanga ili joto lipite. Grisi hiyo ilikuwa unga wa oksidi ya zinki uliochanganywa na mafuta ya silikoni. Ndiyo pesti ile ile, miaka mingi kabla ya Pentium.

Nilimtembelea fundi mmoja wa redio mjini Bungoma, mzee ambaye kibanda chake bado kimejaa spika zilizopasuka. Nikamuuliza, "Mzee, hii grisi ulianza kuitumia lini?" Akanitazama juu ya miwani. "Kijana wangu, kabla baba yako hajaoa." Akanionyesha mkebe wake, umekauka pembeni, katikati bado laini. Alinieleza kwamba zamani spea na grisi vililetwa kutoka maduka ya River Road na Luthuli Avenue huko Nairobi, na kwamba kilichomfundisha umuhimu wa grisi ni matanga.

Kwa asiyetoka magharibi nifafanue. Disko matanga ni muziki wa usiku kucha kwenye matanga ya marehemu. Serikali imeupiga vita miaka mingi na mimi mwenyewe nina maoni yangu kuhusu yanayotendeka kule, lakini hiyo ni mada nyingine. Kiufundi, disko matanga ni mtihani mkali kuliko wowote ambao kiwanda kingeweza kubuni: amplifaya inawashwa jioni, sauti inapandishwa hadi mwisho, jenereta inayumba, na hakuna wa kuizima mpaka asubuhi. Amplifaya ambayo fundi alisahau grisi inakufa saa nane za usiku, mbele ya waombolezaji mia mbili, na asubuhi wenye mziki wako mlangoni kwake. Mafundi hawa hawakusoma kitabu chochote kuhusu upitishaji wa joto. Lakini waliijua kanuni ya wembamba. Mzee alipaka kwa kipande cha kadi, akaivuta mpaka rangi ya chuma ikaanza kuonekana chini yake, kisha akasema zaidi ya hapo ni kuchafua.

Nimelisema hili kwa urefu kwa sababu baadaye, kompyuta zilipoanza kuungua, hawa ndio waliokuwa na grisi na waliojua kuipaka.

Kompyuta za kwanza hazikuungua. Vyuo vidogo vya kompyuta vya miaka ya 1990, vile vilivyofundisha MS-DOS, WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase na kukupa cheti cha kile kilichoitwa pakeji, vilitumia mashine za 286 na 386. Chipu ya 386, iliyotoka mwaka 1985, kwa kawaida ilikaa uchi kwenye bodi bila hitisinki wala feni. Mambo yalianza kubadilika na 486DX2 ya mwaka 1992, na Pentium ya mwaka 1993 ya megahezi 66 ilikuwa inatoa wati 16 hivi. Balbu ndogo ya friji, lakini imebanwa kwenye eneo la ukucha.

Kisha ikaja miaka ya saiba. Kuanzia karibu mwaka 2000 kila mji wa mkoa wa Magharibi na Bonde la Ufa ulipata saiba yake, chumba chenye mashine sita au nane, pazia, na bei ya dakika imebandikwa ukutani. Wakati huo huo mashirika kama Computer Aid International la London yalikuwa yanaleta kompyuta zilizostaafu kutoka ofisi za Uingereza, na Computer for Schools Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2002, ikawa inazikarabati Nairobi na kuzipeleka mashuleni. Wafanyabiashara nao wakaleta za kwao. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza Januari 2005, kompyuta ziliwekwa kwenye kundi la bidhaa zisizotozwa ushuru wa forodha. Neno lililobandikwa kwenye madirisha ya maduka likawa "Ex-UK", na bado lipo mpaka leo.

Hapa lazima niwarudishe kidogo Marekani, kwa sababu yaliyokuwa yanatokea kule yalitufikia huku yakiwa na kuchelewa kwa miaka kama minne. Mwaka 1999 na 2000, Intel na AMD ziliuza prosesa ambazo chipu yake ilikuwa wazi juu, bila kifuniko cha chuma. Ukikaza hitisinki vibaya kona inavunjika. Septemba 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video iliyowashtua watu: waliondoa hitisinki wakati mchezo wa Quake III unaendelea. Athlon ikaungua na kutoa moshi. Pentium III ikakwama. Pentium 4, iliyokuwa imetoka Novemba 2000, haikuungua wala haikukwama. Ilipunguza mwendo, mchezo ukaendelea kwa kuchechemea.

Watu wengi walikumbuka moshi. Mimi nadhani jambo kubwa kwa historia yetu ni ile kuchechemea. Mpaka wakati ule, mashine yenye pesti mbovu ilikufa au ikazima, na kila mtu alijua ni joto. Kuanzia Pentium 4, mashine yenye pesti mbovu inaruka baadhi ya mapigo ya saa yake ili ipoe, na mtumiaji anaona tu kwamba Word inachukua dakika nzima kufunguka. Hakuna ujumbe wowote kwenye skrini. Sasa mweke mtumiaji huyo Bungoma mwaka 2009, flashi diski zinazunguka kutoka saiba hadi saiba na virusi vimejaa kweli kweli. Atasema nini? Atasema virusi! Fundi atafomati, ataweka Windows upya, mashine itakuwa imepumzika na kupoa wakati wa kusubiri, itaenda vizuri nusu saa, mteja atalipa. Wiki ijayo amerudi. Ule utamaduni wetu wa kufomati kila kitu, ambao wengi wetu tulilelewa nao, nadhani sehemu yake kubwa ilikuwa ni kutibu joto kwa CD ya Windows.

Na Pentium 4 iliyotufikia kwa wingi ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote kwa joto. Intel ilitoa aina ya Prescott Februari 2004. Chipu yenyewe ilikuwa milimita za mraba 112, na zile za kasi zilipangiwa wati 103 hadi 115. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Mei 2004 Intel ilifuta mrithi wake aliyeitwa Tejas, na ikahamia kwenye muundo mwingine uliozaa Core 2 Duo mwaka 2006, ambayo kwa kawaida ilikuwa wati 65. Ofisi za Ulaya zilifurahi kuziondoa Prescott. Zikaja kwetu.

Mtu wa Nairobi aliwahi kuniambia kwamba Kitale ni baridi, kwa hiyo hatuna shida ya joto. Ni kweli Kitale ni baridi. Pia iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya pale ina uzito wa karibu asilimia 80 ya hewa ya Mombasa. Feni ile ile, ikizunguka kwa kasi ile ile, inasukuma hewa pungufu kwa moja ya tano. Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400, hewa ni nzito kidogo, lakini mchana kuna joto zaidi. Wanaopanga vyumba vya seva hutumia kanuni ya ASHRAE: kwa daraja la kawaida, ukipita mita 900 punguza digrii moja ya joto linaloruhusiwa kwa kila mita 300. Kwa Kitale hiyo ni zaidi ya digrii tatu. Si nyingi, na baridi inazilipa. Ninachosema ni kwamba baridi ya Kitale haikuwa zawadi kubwa kama inavyodhaniwa.

Adui halisi alikuwa vumbi, na barabara.

Vumbi la murram mnalijua. Lakini kuna vumbi la pili, la mahindi. Trans-Nzoia inavuna kuanzia Oktoba, mashine za kupukuchua zinazunguka kila boma, na makapi yale mepesi yanaelea hewani hadi Desemba. Yanaingia kwenye mapezi ya hitisinki na kujishona kama blanketi. Prosesa inapanda joto, pesti inachemka taratibu, mafuta yanajitenga na unga, na kila ukiwasha na kuzima vyuma vinatanuka na kusinyaa vikiyasukuma mafuta pembeni. Baada ya hapo unabaki na chaki. Chaki ina nyufa, nyufa zina hewa, na mnakumbuka hewa ni 0.026.

Barabara nayo. Mwaka 2004 Intel ilileta soketi ya LGA775, na hitisinki yake ya kiwandani inashikiliwa na miguu minne ya plastiki inayobonyezwa kwenye bodi. Ilibuniwa kwa mtu ambaye atakuwa na kompyuta mezani hadi atakapoitupa. Haikubuniwa kwa safari ya karibu kilomita 400 kutoka Nairobi kwenye buti la basi, halafu matatu ya Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, hadi Kitale. Mguu mmoja unachomoka, hitisinki inainuka upande mmoja kwa unene wa karatasi, pesti iliyokauka inaachia. Mashine iliyojaribiwa vizuri Nairobi inafika ikichechemea, na muuzaji anaitwa mwizi. Nimeona mafundi wa Kitale wakitoboa na kufunga boliti na nati badala ya ile plastiki. Si kazi ya kupendeza macho, lakini inashika.

Soketi ya kabla yake, ile ya 478, ilikuwa na balaa lake. Pesti ikikauka inageuka gundi kweli. Unavuta hitisinki, inang'oka na prosesa imening'inia chini yake, pini zimepinda, na kufuli la soketi bado limefungwa! Mafundi wa huku waligundua dawa: washa mashine dakika kumi ipate joto, zima, kisha zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuvuta. Hili nalo lilitoka kwa mafundi wa redio, waliokuwa wakipasha transista kwa chuma cha kulehemu kabla ya kuing'oa.

Sasa niwaeleze kwa nini haya yote si hadithi ya vyuma tu. Mtahiniwa wa KCSE anayefanya somo la Kompyuta ana karatasi ya pili, 451/2, ya vitendo. Saa mbili na nusu mbele ya mashine: anaunda hifadhidata au lahajedwali, anahifadhi, anachapisha. Shule nyingi hazina mashine za kutosha wote, kwa hiyo wanaingia kwa zamu. Mtihani unakuja Oktoba na Novemba, yaani pale pale mahindi yanapopukuchuliwa. Mashine moja ikijizima katikati ya mtihani, kuna mtoto aliyepoteza kazi yake, na zamu inayofuata inachelewa.

Mwaka 2018 nilipokuwa bado chuoni, mwalimu wa shule moja ya sekondari kati ya Kamukuywa na Kiminini alituomba mimi na rafiki yangu fundi tutazame mashine zake kabla hazijaondolewa. Jina la shule nitalihifadhi. Zilikuwa kumi na nne, zote za LGA775. Nne tu za upande wa pili wa chumba zilikuwa zinatumika, na zile kumi na nne zilikuwa zimeorodheshwa kama mali mbovu ya kupelekwa mbele ya kamati ya uondoaji mali, kama Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inavyotaka. Karatasi ilisema "zimezeeka". Wanafunzi wa kidato cha tatu, wangekuwa watahiniwa mwaka uliofuata, walikuwa wakigawana zile nne.

Tulifungua ya kwanza. Vumbi la unene wa kidole, pesti kama chaki ya ubaoni. Tulikuwa na spiriti kutoka duka la dawa, fulana kuukuu ya pamba, brashi ya rangi, na sirinji ya HY510, pesti ya kijivu ya Halnziye kutoka China ambayo mtengenezaji anaiandikia kiwango cha 1.93. Sirinji moja chini ya shilingi 200. Kusafisha kulituchukua muda mrefu kuliko kupaka. Kufikia jioni ya siku ya pili, kumi na moja zilikuwa zinafanya kazi saa nzima bila kushuka mwendo. Tatu zilikuwa na kapasita zilizovimba, ule ugonjwa wa bodi za miaka ya mwanzo ya 2000, na pesti haiwezi kuutibu. Mwalimu alizifuta zile kumi na moja kwenye orodha kwa kalamu nyekundu, moja moja, akisoma namba zake kwa sauti.

Mbinu za kupaka nazo zina historia yake. Kizazi cha kwanza kilichota kutoka mkebe kwa kidole, au kwa kadi ya simu iliyokwisha kukwanguliwa. Sirinji zilipofika, na YouTube ikafika na intaneti ya nyaya za 2009, vijana wakaanza kubishana: punje ya mchele, punje ya mbaazi, msalaba, mstari. Kwa prosesa yenye kifuniko cha chuma tofauti ni ndogo mno, shinikizo la hitisinki litaisambaza lenyewe. Kwa chipu ya laptopu isiyo na kifuniko, mkono wa yule mzee wa Bungoma ndio sahihi: paka yote, nyembamba. Kulikuwa pia na zama fupi za dawa ya meno. Inafanya kazi siku ya kwanza kwa sababu ina maji na unga laini. Maji yakikauka unabaki na unga, na mteja. Nimesikia pia za Vaseline, sitaki kuzieleza.

Laptopu zilibadilisha biashara. Feni ikawa ndogo, mapezi yakawa membamba kama nywele, na mtu anaitumia akiwa ameilaza kwenye blanketi. Vishikwambi vya mpango wa serikali wa mwaka 2016 wa shule za msingi havina feni kabisa. Saiba nazo hazikufa kama ilivyotabiriwa. eCitizen ilipoanza mwaka 2014, na KRA ilipohamishia kodi mtandaoni, saiba zikawa ofisi ndogo za serikali. Mashine zao sasa zinawaka tangu saa mbili asubuhi, na wenye saiba wenyewe wamejifunza kufungua hitisinki kila Januari, mahindi yakishaisha.

Mkusanyiko wa sasa unaofika kwenye maduka ya Kitale ni wa prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba, za miaka ya 2015 hadi 2017. Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo makampuni ya Ulaya yanazitoa kwa wingi na bei imeshuka. Kuna jambo moja jipya ndani yake. Tangu kizazi cha tatu cha mwaka 2012, Intel iliacha kulehemu kifuniko cha chuma juu ya chipu za mezani za kawaida, ikaweka pesti pale pia, na hazikuanza kulehemiwa tena mpaka 2018. Yaani mashine hizi zina pesti mbili: moja juu ya kifuniko, ambayo kila fundi anaifikia kwa bisibisi, na nyingine chini yake, iliyofungiwa kwa gundi nyeusi, yenye umri wa miaka minane hadi kumi sasa. Rafiki yangu fundi amekwisha kuifungua moja iliyokufa, kwa wembe na uvumilivu, ili aone. Ya chini ilikuwa imekauka pembeni. Katikati bado ilikuwa laini.